Kuikagua RV: Dalili za Ndege ya Viti Viwili Iliyoundwa Vizuri

Ndege za RV hutoka Aurora, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, zikiwa seti za vipande vya alumini ambavyo mnunuzi huviunganisha mwenyewe, mara nyingi katika gereji ya nyumbani. Herufi hizo mbili ni za jina la mbunifu wake, Richard VanGrunsven, ambaye mwaka 1965 aliifanyia ukarabati ndege ndogo aina ya Stits Playboy na kuivisha mabawa mapya ya alumini. RV-3 ya kiti kimoja ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970. RV-4, ambayo abiria huketi nyuma ya rubani, iliruka mara ya kwanza mwaka 1979. RV-6 ikawakalisha wawili hao ubavu kwa ubavu katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 2001 RV-7 ikachukua nafasi yake. Ndege za ukoo huu zilizokwisha kuruka zimepita 10,000, na karibu kila moja ni kazi ya mkono wa mjenzi wake. Ramani ni ileile, lakini ubora hutofautiana sana, na anayenunua iliyokwisha kuundwa hana budi kujua pa kutazama.

Jambo la kwanza ni umri wa seti yenyewe. Mjenzi wa RV-4 au wa RV-6 za mwanzo alipokea mabati mengi yasiyo na matundu. Alilazimika kutengeneza fremu ya kushikilia bawa, kupima kwa kamba, timazi na pimamaji, kisha kutoboa kila tundu kwa vipimo vyake mwenyewe. Kwa hiyo ukaguzi wa ndege hizo huanza na unyoofu. Mkaguzi husimama mita kadhaa nyuma ya mkia na kulinganisha mstari wa mabawa na ule wa mkia. Kisha hupima kutoka sehemu moja ya nyuma hadi ncha ya kila bawa. Tofauti baina ya kulia na kushoto ikionekana, inafaa kujua chanzo chake kabla ya kuendelea. Bawa lililojengwa likiwa limepinda halinyooki tena, na ndege yake huelemea upande mmoja muda wote wa safari.

Kwa RV-7 kipimo hicho hakisemi mengi kuhusu fundi. Matundu yake hutobolewa kiwandani kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, na yakishakutana, umbo la bawa limekwisha kupatikana. Unyoofu wake ni sifa ya kiwanda. Mkono wa mjenzi sasa husomwa katika mambo madogo zaidi, hasa ukingo wa tundu na ribiti iliyomo ndani yake.

Ribiti ndiyo kazi kubwa ya RV. Ziko maelfu, na nyingi ni za alumini ngumu isiyo na uwazi ndani. Mtu mmoja hupiga kichwa kwa bastola ya upepo huku mwingine akikinga nyuma kwa kipande kizito cha chuma, mpaka mkia wa ribiti upondeke na kuwa kichwa cha pili. Kichwa hicho cha ndani ndicho cha kupimwa. Upana wake uwe mara moja na nusu ya kipenyo cha ribiti, na kimo chake nusu ya kipenyo hicho. Ribiti ya milimita 2.4, inayotumika sana kwenye mabati ya nje, inapaswa kuacha kichwa chenye upana wa karibu milimita 3.6 na kimo cha milimita 1.2. Kikiwa kirefu kuliko hapo, hakikupondwa vya kutosha. Kikiwa bapa mno, kimepigwa kupita kiasi. Kikilala upande, chuma cha kukingia hakikushikwa sawa. Kitovu cha tundu nacho kiwe mbali na ukingo wa bati kwa angalau mara mbili ya kipenyo cha ribiti, la sivyo bati linaweza kuchanika hapo.

Kwa nje, kiganja hutambua mengi kuliko jicho. Kikipitishwa juu ya bawa, vichwa vilivyolazwa ndani ya bati havipaswi kukwaruza. Bastola ikiteleza, huacha alama iliyojikunja kama hilali pembeni mwa kichwa, na penye alama nyingi za namna hiyo palikuwa na haraka. Hata hivyo, ribiti chache zenye kasoro ndogo si aibu. Kuitoboa ribiti ili kuibadilisha huweza kulipanua tundu, na fundi mwenye busara huiacha iliyopungukiwa kidogo kuliko kuliharibu bati. Anayeringia kwamba alibadilisha kila isiyomridhisha aulizwe matundu yalibaki na ukubwa gani.

Vipimo hivi havitumiki kwa ndege za ribiti za kuvuta, kama RV-12 au Sling 2 ya Afrika Kusini, ambayo Mike Blyth na James Pitman waliizungusha dunia mwaka 2009. Ribiti hizo huvutwa kutoka upande mmoja tu, na mengi katika ubora wake hutegemea tundu lililo safi na mabati yaliyobanwa vizuri.

Kabla ya ribiti kuingia, kila tundu husafishwa makali yake, kisha bati hubonyezwa ili kichwa kilale ndani. Makali yasiyosafishwa ni mwanzo wa ufa. Umuhimu wa jambo hili ulidhihirika kati ya mwaka 2022 na 2023, pale baadhi ya matundu yaliyokatwa kiwandani kwa leza yalipoanza kupasuka wakati wa kubonyezwa. Vipande vingi vilihitaji kubadilishwa, na Desemba 2023 kampuni inayotengeneza seti za RV iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Kwa seti ya kipindi hicho, mkaguzi atataka kuona kumbukumbu za vipande vilivyobadilishwa.

Matangi yamo ndani ya mabawa, na viungo vyake huzibwa kwa gundi nzito ambayo wajenzi wengi huichukia. Uvujaji hujionyesha wenyewe: petroli ya ndege ya daraja la 100LL hutiwa rangi ya buluu, hivyo doa la buluu chini ya bawa, kandokando ya ribiti, halihitaji maelezo zaidi. Doa jeusi linalofuata mkondo wa upepo nyuma ya kichwa cha ribiti ni baya zaidi, kwani maana yake ribiti hiyo inacheza.

Kioo cha juu ya rubani ni plastiki ngumu isiyopenda baridi wala kingo zisizopigwa msasa, na nyufa huanzia hapo. Kwenye chumba cha injini, mipira ya mafuta iwe na kinga ya moto, na kila nati iwe na alama ya rangi inayoonyesha kwamba imekazwa kwa kipimo. Nyuma ya dashibodi, nyaya zinazopita kwenye bati ziwe na mpira wa kuzikinga, na ziwe zimebanwa zisisuguane.

Rangi nzuri hupendeza, lakini ni uzito. RV-7 inaruhusiwa kupaa ikiwa na jumla ya takriban kilo 816. Ikiwa tupu ina kilo 520 na matangi yakijazwa, takriban lita 159 au kilo 114, hubaki kilo 182 tu kwa watu wawili na mizigo. Puti na rangi ya mara tatu hula sehemu ya kilo hizo. Tena, vipande vya usukani vya mkiani vikishapakwa rangi vinapaswa kusawazishwa upya kwa risasi ya mbele, kwani vilivyoelemea nyuma huweza kuanza kutetemeka kwa kasi kubwa na kuvunjika. Cheti cha uzito kiwe cha baada ya rangi.

Mwisho huja makaratasi. Sheria ya Marekani humtaka mtu asiyefanya kazi hiyo kibiashara awe ameunda sehemu kubwa ya ndege, kwa kujifunza au kujiburudisha, ndiyo maana daftari na picha za ujenzi huwekwa. Picha zilizopigwa kabla mabati hayajafungwa zina thamani kubwa, maana ndani ya bawa haionekani tena. Saa za majaribio, kwa kawaida 25 au 40 kulingana na injini na rafadha, ziwe na maandishi ya kila safari: kasi ya kupoteza mnyanyuko, joto la silinda, na kilichorekebishwa baada ya kutua. Daftari lenye saa 40 na sentensi mbili tu linamwachia mnunuzi kazi ya kuyarudia majaribio hayo yeye mwenyewe.