Skauti na Malezi ya Uongozi

Uskauti ulianzia kambini katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907. Mwanzilishi wake, Robert Baden-Powell, aliwakusanya wavulana wapatao 20, watoto wa matajiri na wa wafanyakazi, akawagawa katika vikosi vinne, kila kimoja chini ya mvulana mwenzao.

Hapo ndipo penye ubora wa chama hiki hadi leo. Kiongozi wa kikosi ni kijana wa rika lile lile, na majukumu yake ni ya kweli: ndiye anayegawa zamu za kupika na kuchota maji, anayehakikisha hema limekazwa kabla ya mvua, anayemfundisha mgeni kupiga fundo na kusoma ramani. Akizembea, kikosi kizima hulala njaa au hulowa, naye akiwamo. Darasani ni vigumu kuupata uwajibikaji wa uzito huo. Mwalimu wa skauti hukaa pembeni, huingilia penye hatari tu, na kujizuia huko ni ufundi unaostahili pongezi kubwa. Mipango ya safari na masuala ya nidhamu huamuliwa na baraza la viongozi wa vikosi wenyewe.