American Football walipotoka nje ya nyumba

Shabiki wa bendi iliyorudi ni mtu mgumu. Anataka nyimbo mpya, lakini ziwe zile za zamani.

American Football wanalijua hilo vizuri. Vijana watatu wa chuo kikuu kule Urbana, Illinois, walitoa albamu moja mwaka 1999, wakaachana, kila mtu akashika njia yake. Ile albamu, yenye picha ya nyumba usiku kwenye jalada, ikaendelea kupitishwa mtandaoni hadi watoto ambao hawakuwa wamezaliwa ilipotoka wakaikariri. Bendi iliporudi jukwaani 2014, ilikuta umati ambao haikuwahi kuupata ujanani.

Albamu ya pili ikaja 2016. Jalada: nyumba ile ile, safari hii ndani. Na muziki nao umebaki humo. Magitaa ya Mike Kinsella na Steve Holmes bado yanasokotana, tarumbeta ya Steve Lamos bado inapita kwa mbali. Si mbaya, lakini ni kama mtu mzima anayejaribu sweta yake ya fomu two: rangi ni ile, mabega yanabana.

Kwangu mimi, kurudi kwenyewe kulitokea 2019, kwenye albamu ya tatu. Jaladani nyumba haipo tena; kuna uwanda na ukungu. "Silhouettes" inafungua kwa vibrafoni, kisha inajinyoosha zaidi ya dakika saba bila haraka yoyote. Besi ya Nate Kinsella, binamu yake Mike aliyejiunga waliporudi, inaipa sauti kina ambacho albamu ya kwanza haikuwa nacho.

Lakini badiliko kubwa ni wanawake watatu. Mwaka 1999 tulimsikia kijana akiongea na msichana ambaye hatukuwahi kumsikia. Sasa kuna anayejibu. Elizabeth Powell anaimba kwa Kifaransa, Rachel Goswell wa Slowdive yupo, na kwenye "Uncomfortably Numb", wimbo kuhusu baba na pombe, Hayley Williams hayuko hapo kupamba kiitikio. Anamfanya mwanamume ajisikie mwenyewe. Huzuni ya miaka 21 ni tamu kwa sababu ni yako peke yako. Ya miaka 40 ina watu wengine ndani yake, na wana maoni.

Kuna kilichopotea, tusidanganyane. Ngoma za Lamos zilikuwa zikikukwaza kwa hesabu zake za ajabu. Hapa mara nyingine zinazama kwenye ule ukungu, na nyimbo mbili tatu zinapita bila kukushika shati.

Mwaka 2023 bendi na lebo yao walishirikiana na wengine kuinunua ile nyumba ya jaladani. Sawa, itunzwe, mashabiki waendelee kupiga selfi pale nje. Wewe lakini ukitaka kujua walikua vipi, anza na ile ya ukungu.