Mwalimu wa Mwanafunzi Mmoja

Kama ulipata kusoma Kufikirika ya Shaaban Robert, ndugu yangu, humsahau yule mwalimu wa mwana wa mfalme aliyechanganya masomo na michezo, akafukuzwa kazi. Sisi tuliokisoma kwa ajili ya mtihani tulikaririshwa jibu: mwalimu mwerevu, mfalme mjinga, kwisha!

Mimi nina ugomvi kidogo. Mbona darasani hakuna aliyeuliza mwalimu huyu ana wanafunzi wangapi? Mmoja. Tena mwana wa mfalme. Kumtazama mtoto mpaka uijue tabia yake kunataka muda, na muda ule unalipwa na hazina ya ufalme. Linapokuja suala la masomo, macho ya hadithi yako ikulu tu. Mtoto wa mkulima je?

Darasa la nne tulikuwa zaidi ya 100, dawati moja watu wanne. Mwenzangu mmoja alitengeneza magari ya waya yenye usukani unaokata kona kweli, lakini hesabu za ubaoni zilimshinda. Mwalimu wetu hakuwa mbaya. Aliandika, tukanakili, kengele ikalia. Jioni wenye hela walikwenda tuisheni kwa mwalimu yuleyule, watoto kumi mkekani, na huko, jamani, alikuwa na subira! Anauliza, anarudia, anacheka nao. Mtu mmoja, mitindo miwili, tofauti ni bei.

Siku hizi utasikia eti huyu hujifunza kwa macho, yule kwa masikio. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake huko Marekani walipitia tafiti za jambo hilo wakaona ushahidi hautoshi. Mimi hata bila utafiti nilijua nani anajifunza kwa mkeka.

Simtetei mfalme. Namlaumu mhakiki anayemsifu mwalimu bila kuhesabu madawati. Kufikirika ilichapwa 1967, mwandishi akiwa amefariki tangu 1962, na mwaka huohuo wa 1967 Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akilalamikia shule zinazowaandaa wachache. Laiti tungevisoma vyote viwili kipindi kimoja.

Mwana wa mfalme alipougua, nchi ilitafuta watu wa kutolewa kafara ili apone. Yule fundi wa magari ya waya alipoacha shule, jina lake lilikatwa kwa wino mwekundu kwenye rejista, tukaendelea na kipindi cha pili.