Mto Ruvuma na Gogo la Mpingo

Wahenga walisema, kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Lakini vinyago vya Wamakonde sisi hatukuvichonga. Aghalabu tulichofanya ni kuvipa majina. Kwa hiyo si ajabu vikiwa na jambo la kututisha kidogo. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba sanaa hii, ambayo tumeizoea kuiita fahari ya Taifa, ni pia sanaa ya watu waliohama na waliokimbia, na kwamba asiyelijua hilo hajaielewa bado.

Tuanze na historia. Wachongaji wengi walioupa mpingo sifa yake hapa nchini asili yao ni uwanda wa Mueda, kusini ya mto Ruvuma. Tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini walivuka mto wakikimbia kodi na kazi za kulazimishwa za Wareno, wakaja kutafuta kibarua katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Wenyeji waliwaita Wamawia, jina lililokuwa na kejeli ndani yake. Tarehe 16 Juni 1960 Wareno waliwapiga risasi wananchi waliokusanyika Mueda. Vita vya ukombozi vilipoanza Septemba 1964, maelfu walivuka tena, safari hii wakiwa wakimbizi, na baadhi yao wakapewa makazi Rutamba, katika Lindi. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Wako waliorudi, na wako waliobaki.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Kinyago tunachokiita ujamaa ni gogo moja lililochongwa watu wengi: huyu amesimama juu ya mabega ya yule, yule ameshika kiuno cha mwenzake, na mtoto amepenya katikati. Hakuna kiungo kilichobandikwa. Tezo na patasi zimeondoa kisichotakiwa, na watu wamebaki wameshikana kwa sababu mti ni mmoja. Miongoni mwa wanaotajwa kuwa waanzilishi wa mtindo huu ni Roberto Yakobo Sangwani, aliyetoka Msumbiji. Inasimuliwa kwamba hapo awali kinyago hicho kilionyesha mshindi wa mieleka akiinuliwa na wenzake. Baadaye mshindi akatoweka, ukoo ukachukua nafasi yake. Zama za Azimio la Arusha la 1967 jina la ujamaa likakubalika kila mahali, nasi tukaona siasa yetu imechongwa.

Nami nilikuwa miongoni mwa walioona hivyo. Nilipokuwa karani kijana, nilipewa kazi ya kuandika vibao vya maonyesho. Mbele ya kinyago kimoja kirefu niliandika: "Ujamaa: Umoja wa Taifa Letu." Mzee aliyekichonga alinisomesha kibao kile kwa sauti, kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu wa chini umemtazama?" Nikamjibu kwamba ni mtu wa msingi, anayewabeba wenzake. Akasema, "Huyo ni babu yangu. Alibaki ng'ambo. Hatukumzika sisi." Kisha akanionyesha waliofuatia: mama yake, dada aliyepotea njiani, na watoto waliozaliwa upande huu. Sikukibadilisha kibao, maana maneno yalikuwa yamekwisha kupitishwa na wakubwa. Jambo hilo limenikaa rohoni hadi leo.

Simaanishi kwamba kila kinyago cha namna hii ni habari ya mkimbizi, wala kwamba jina la ujamaa ni kosa. Nasema kwamba fani yenyewe inabeba maana mbili. Aliyetenganishwa na watu wake kwa mto na kwa bunduki ameichonga jamaa nzima katika gogo moja lisiloachana. Hapo umoja ni sifa ya waliokusanyika, na ni kilio cha waliotawanyika.

Shetani naye atazamwe hivyo. Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuchonga umbo hilo, katika miaka ya 1950 hapa Dar es Salaam, na mfanyabiashara Mohamed Peera akalitafutia wanunuzi. Jicho moja, mguu uliopinda, mdomo uliohama mahali pake: wengi huona mzaha, na mzaha upo. Lakini kiumbe asiye na umbo kamili, asiyejulikana ni wa porini au wa nyumbani, si mgeni kwa mtu aliyeishi kati ya nchi mbili.

Haki yatudai tuseme na udhaifu. Soko la watalii limezaa vinyago vingi vya kurudiarudia, vyenye nyuso zinazofanana kama sarafu. Humo watu wamepandana tu, hawashikani. Mwanafunzi mwenye jicho ataitambua tofauti akitazama mikono: je, mkono huu unamshika mtu, au unajaza nafasi?

Liko jambo zito zaidi ya hilo. Katika nchi jirani ya Kenya, Wamakonde waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya pwani walikaa miongo mingi bila uraia, ingawa uchongaji wao ulisifiwa. Mwezi Oktoba 2016 walitoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kudai haki yao, ndipo wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la nchi hiyo. Kinyago kilikuwa na bei; mchongaji hakuwa na kitambulisho. Tusiwacheke jirani, bali tujipime sisi wenyewe.

Walimu, mnapowaonyesha vijana kinyago cha mpingo, msianze na jina lililoandikwa kwenye kibao. Anzeni chini, kwa yule anayewabeba wengine, na muwaulize ni nani huyo na yuko upande gani wa mto. Kibao huandikwa na watu kama mimi. Gogo huchongwa na aliyevuka.