Fundi wa Kiangazi

Unyamwezini mvua huanza Novemba na kukoma kati ya Aprili na Mei. Ikishakoma, kuta za udongo hubaki na alama za kila kilichozipata: michirizi chini ya madirisha, lipu iliyobanduka pembeni, miguu ya kuta iliyolika. Hapo ndipo kazi ya fundi wa kukandika inapoanza. Ana miezi kama mitano ya jua kurudisha kile ambacho mvua imechukua.

Kigwa iko mashariki mwa mji wa Tabora, katika Wilaya ya Uyui, kwenye njia ya zamani ya misafara kutoka pwani. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita upande huu mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Walipita pia wapagazi wasiohesabika, wengi wao Wanyamwezi, waliobeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo na kurudi na vitambaa na shanga. Wasafiri hao wameandikiwa vitabu vingi. Sifa zangu leo ni za mtu asiyesafiri, anayebaki kijijini kuhakikisha nyumba ya watu wote inasimama mwaka mwingine.

Fundi niliyekaa kumtazama hapo Kigwa ni mzee wa maneno machache. Jengo analolitunza ni la kijiji: kuta za matofali mabichi, paa la bati, veranda fupi upande wa mbele. Humo hufanyika mikutano, humo watoto hupimwa uzito, humo kura hupigwa. Ana saidia fundi wawili, vijana wanaomwita Babu.

Asubuhi ya kwanza hashiki mwiko. Anazunguka jengo polepole akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kutoka usawa wa goti hadi mkono unapofika. Penye lipu iliyoshika, sauti ni fupi na nzito. Penye lipu iliyoachana na tofali, sauti inavuma, maana kuna uwazi nyuma yake. Kila anaposikia mvumo anachora duara kwa kipande cha mkaa. Anachungulia chini ya vizingiti vya madirisha, anaangalia misumari ya bati, anafuata kwa kidole njia nyembamba za mchwa zinazopanda kwenye miimo ya milango. Akimaliza mzunguko, ukuta umejaa maduara na yeye anajua kazi yote ilivyo, mwanzo hadi mwisho.

Kazi inaanzia ardhini. Maji yanayomwagika kutoka kwenye bati yanapiga chini na kurukia ukuta hadi usawa wa goti, na kila tone linaondoka na punje ya udongo. Ndiyo maana ukuta wa udongo hulika mguuni kabla ya kichwani. Kijana mmoja alikuwa ameshaanza kuchota tope. Mzee akamzuia kwa upole: "Tuanze na maji, mwanangu. Ukuta utatungoja." Wakachimba mfereji kando ya jengo, pale hasa matone yanapoangukia, wakaujaza mawe madogo ili tone livunjike nguvu kabla ya kuruka. Mwinamo wake aliupima kwa ndoo moja ya maji. Aliyamwaga kwenye kona ya juu, akayafuata kwa macho. Yaliposimama katikati akaashiria kwa mguu, kijana akachimba vidole viwili zaidi, ndoo ya pili ikamwagwa. Hawakuhama mpaka maji yalipokwenda yenyewe hadi kwenye shimo la taka za majani.

Baada ya mfereji ni kusafisha. Lipu yote iliyo ndani ya maduara inang'olewa kwa ncha ya mwiko hadi kufikia tofali gumu. Kisha wanafagia ukuta, wanarudia, na mzee anapitisha kiganja juu yake na kukitazama. Kikiwa na vumbi, ufagio unarudi. Udongo mpya haushiki juu ya vumbi, hata ukandikwe na fundi gani.

Kuhusu udongo wenyewe, nchi hii ya miyombo imebarikiwa vichuguu. Mchwa wanaokula miimo ya milango ndio hao hao wanaopandisha kutoka chini ule udongo laini wa mfinyanzi unaonata. Fundi anavunja kichuguu kwa sururu, anaponda mabonge, anauchekecha. Anachukua ngumi moja, anailowesha, anaisokota iwe kamba nene kama kidole, anaisukuma taratibu ipite ukingo wa kiganja. Ikikatika mapema, mchanga umezidi. Ikining'inia ndefu bila kukatika, udongo wa mfinyanzi umezidi na lipu itapasuka ikikauka. Vichuguu havifanani, hivyo haamini kipimo cha mwaka jana. Anapaka viraka vitatu nyuma ya jengo, kila kimoja na kiasi chake cha mchanga wa mtoni, na kuviacha vikauke. Kiraka kisicho na ufa, na kisichoacha unga kwenye kidole, ndicho kinachoamua karai ngapi za mchanga kwa karai ngapi za udongo.

Mchanganyiko unafanywa kwa miguu. Vijana wanakanyaga wakizunguka, wanaongeza maji kidogo kidogo, wanatupia nyasi kavu zilizokatwa fupi. Nyasi hizo zinashika udongo usivutane na kupasuka unaponywea. Tope likiiva halitumiki siku hiyo. Linafunikwa kwa turubai lilale, ili maji yaingie katika kila bonge dogo lililobaki. Kesho yake linakanyagwa tena, na sasa linateleza kwenye mwiko bila kuacha alama.

Mara nyingi tunaambiana kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kilichonishangaza kwa fundi huyu ni kwamba anaanza kwa kuupanua ufa. Anaufuata kwa patasi, anakwangua kingo zilizolegea, anachimba ndani hadi uwe mpana zaidi kule ndani kuliko nje, ili tope likikauka lijifunge lenyewe lisiweze kutoka. Anafagia vumbi, ananyunyizia maji, anangoja yanywewe, ananyunyizia tena. Ukuta mkavu ungenyonya maji ya tope papo hapo na kuliacha likiwa unga. Ukuta unaong'aa kwa maji nao haushiki kitu. Anangoja mng'ao upotee na unyevu ubaki. Hapo ndipo anaposhindilia tope kwa kidole gumba pamoja na vipande vya tofali lililovunjika, kutoka chini kwenda juu, bila kuacha nafasi ya hewa.

Kukandika kwenyewe kunaanza kwa kurusha. Anachota tope kiganjani, anarudisha mkono nyuma, analipiga ukutani kwa nguvu moja isiyobadilika, kiganja baada ya kiganja, kila kimoja kikigusana na jirani yake. Nguvu hiyo ndiyo inayosukuma tope kwenye vinyweleo vya tofali. Tabaka la kwanza linaachwa na ukwaru, likichanwa mistari kwa kijiti ili la pili lipate pa kushika. Asubuhi anafanya ukuta wa magharibi, alasiri anahamia wa mashariki, daima upande wenye kivuli, kwa sababu lipu inayokauka haraka juani hupasuka. Tabaka la pili ni jembamba. Analisawazisha kwa ubao, akifuata ukuta ulivyo. Ukuta huu wa zamani umepinda kidogo kuelekea veranda. Fundi mgeni angetaka kuunyoosha kwa timazi na kuulundikia udongo usiohitajika, na uzito huo ungeuangusha. Mzee anaupokea mpindo wake.

Nilimuuliza kwa nini asitumie saruji, imalize kazi mara moja. Alinipeleka kwenye kona ambapo zamani mtu aliwahi kuipaka. Kwa nje ilikuwa ngumu. Alipoipiga kwa kifundo ikavuma, na kipande kikubwa kikaanguka na ngozi ya udongo iliyogeuka unga. Ukuta wa udongo hunyonya unyevu na kuutoa. Saruji huufungia ndani, tofali huoza nyuma ya uso mzuri, na siku lipu inapoanguka huanguka na nusu ya ukuta. Lipu ya udongo italika kidogo kila masika, lakini inayolika ni lipu, na kuirudisha ni kazi ya karai chache.

Miimo ya milango nayo ina zamu yake. Ile iliyoliwa hadi moyoni inabadilishwa kwa mninga, mti wa misitu hii hii ambao mchwa huushindwa kwa muda mrefu. Iliyo nzima inakwanguliwa njia za mchwa, na sehemu inayogusa ardhi inapakwa oili chafu ya injini mara kadhaa. Mwisho wa yote ni sura ya kuta: ndani, lipu laini ya udongo uliochekechwa na samadi mbichi ya ng'ombe, ikisuguliwa kwa jiwe bapa; nje, chokaa. Chokaa inapakwa nyepesi kama maziwa juu ya ukuta uliolowanishwa. Ukiitazama mbichi utadhani hakuna kilichopakwa. Ikikauka ndipo weupe unapojitokeza, na kwa sababu hiyo fundi asiye na subira huongeza, ikawa nzito, ikabanduka. Mzee alipaka tabaka tatu nyepesi na kungoja kila moja.

Uwanja haukusahauliwa. Miembe iliyo mbele ya jengo ilikaguliwa tawi kwa tawi, yakakatwa makavu tu na yale yaliyolalia bati, kwa maana majani yanayorundikana juu ya bati hushika maji na kulitia kutu. Tawi nene halikatwi kwa mkato mmoja. Kwanza msumeno unaingia kutoka chini, kidogo, mbali na shina. Kisha kutoka juu, ng'ambo kidogo ya ule wa kwanza, tawi linaanguka bila kuchuna gome. Mkato wa tatu unaondoa kisiki kilichobaki, nje tu ya uvimbe unaounganisha tawi na shina, ili mti uweze kufunga kidonda chake. Uzio wa minyaa ulipunguzwa kwa panga, vijana wakigeuza nyuso, kwa kuwa utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari.

Ujuzi huu ndio uliobeba majengo ya njia yote. Huko Kwihara, nje kidogo ya Tabora, lipo tembe ambamo Stanley na msafiri mwenzake Livingstone walifika pamoja Februari 1872. Stanley aliondoka Machi kwenda pwani, na Livingstone akabaki akingoja wapagazi hadi Agosti. Wanaokwenda kulitazama leo huona kuta nene za udongo, ua wa ndani na milango ya nakshi ya Kizanzibari, na hupiga picha. Lakini nyumba ya udongo haiwezi kufika miaka mia na hamsini kwa ubora wa mjenzi wa kwanza pekee. Tembe hilo limewahi kujengwa upya, na bila mikono ya kila kiangazi lingekuwa kilima chenye nyasi. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii ya kati ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, na Kwihara ni miongoni mwa vituo sita vilivyotajwa, kuanzia Bagamoyo hadi Ujiji. Heshima hiyo ni ya haki. Kinachoilinda ni karai, mwiko na kichuguu.

Tuna desturi ya kusherehekea jengo linapozinduliwa. Utepe hukatwa, jiwe lenye majina huwekwa ukutani, kisha jengo huachiwa mvua. Halmashauri zetu na serikali za vijiji zinaweza kufanya jambo rahisi zaidi kuliko kujenga upya: kutenga fungu dogo la ukarabati kila mwaka, likatoka mwezi Juni wakati udongo unakauka vizuri, si Oktoba mawingu yakiwa juu. Fungu hilo limlipe fundi mzee na vijana wawili wa kujifunza kwake, maana hakuna kitabu kinachofundisha kusikia mvumo wa lipu iliyoachana. Wenye jengo la udongo kijijini mwao wasingoje mradi. Wamtafute fundi wao kiangazi hiki, wamlipe vizuri, na wawaache vijana wakae karibu naye.