Nani Anaambiwa Aache? "Leka Dutigite" na Nafsi ya Wingi ya Kigoma

Mwaka 2012 wanamuziki wa kizazi kipya wenye asili ya Mkoa wa Kigoma, wakiwamo Diamond Platnumz, Mwasiti, Linex, Peter Msechu, Ommy Dimpoz, Queen Darleen na Baba Levo, walijikusanya kwa jina la Kigoma All Stars na kutoa wimbo "Leka Dutigite". Mwasisi wa wazo hilo alikuwa Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini. Wimbo huu umezoeleka kutajwa kama wimbo wa kuchangamsha na kuisifu Kigoma. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanapita juujuu. Makala haya yanadai kwamba fahari ya wimbo imejengwa juu ya ombi, na kwamba ombi hilo limo katika sarufi ya jina lake.

Jina ni la Kiha, na tafsiri yake iliyozoeleka ni "acha tujidai". Kitenzi cha kwanza, *leka*, ni amri kwa msikilizaji mmoja. Cha pili, *dutigite*, kina kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi, shina *-tigit-*, na kiishio *-e* cha dhamira tegemezi. Umbo la msingi la kiambishi hicho ni *tu-*, lakini kwa kuwa shina linaanza na konsonanti sighuna, *t* ya kiambishi hughunishwa na kuwa *d*. Hii ndiyo Kanuni ya Dahl, ambayo Kirundi nacho kinaifuata: *tugende* (twende), lakini *dukore* (tufanye kazi). Kiswahili sanifu hakina kanuni hiyo hai. Hivyo msikilizaji wa Dar es Salaam asiyejua Kiha hawezi kwa urahisi kuitambua "tu-" yake mwenyewe ndani ya "du-". Kwake jina lote ni kifurushi kimoja cha sauti, na si ajabu kwamba huandikwa pia kama neno moja, "Lekadutigite", likitumika kuutaja mkoa na watu wake. Sentensi imegeuka nomino, na amri iliyokuwa ndani yake haisikiki tena.

Amri hiyo inaelekezwa kwa nani? Anayejidai bila kipingamizi hana haja ya kumwambia mtu aache. *Leka* inadokeza kuwapo kwa mzuiaji asiyetajwa, na historia ya mkoa inatusaidia kumtambua. Reli ya Kati, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,250, ilifika Kigoma mwaka 1914. Katika enzi ya ukoloni Waha wengi walikwenda kufanya kazi ya manamba katika mashamba ya mkonge. Kutokana na reli hiyo Kigoma ilipata jina linalotumika hadi leo, "mwisho wa reli". Jina hilo lina mtazamo wake: Kigoma ni mwisho kwa anayehesabu vituo kuanzia Dar es Salaam. Kwa anayeshuka kutoka kwenye boti ya ziwani, hapo reli ndipo inapoanza. Zaidi ya hayo, ukaribu wa Kiha na Kirundi, unaosikika hata katika hiyo "du-", umewafanya Waha kushukiwa mara kwa mara kuwa ni wageni katika nchi yao. Sauti inayotia fahari katika wimbo ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumtia mtu mashakani mbele ya afisa.

Kwa hiyo uamuzi wa kuweka Kiha katika kiitikio cha wimbo wa bongo fleva ulikuwa na uzito. Sera ya Utamaduni ya 1997 inazitambua lugha za asili kama hazina ya kukuzia Kiswahili, lakini katika utangazaji nafasi yao ni finyu mno. Wimbo ulipitisha sentensi ya Kiha redioni kwa kuisindikiza na beti ambazo kwa sehemu kubwa ni za Kiswahili. Mpangilio huo una maana yake pia. Mambo yanayohitaji kueleweka na taifa zima yamesemwa kwa Kiswahili, na Kiha kimebaki kuwa nembo. Wengi wa waimbaji walikuwa wamejijengea jina Dar es Salaam, na Diamond amekulia Tandale. "Sisi" yao ni ya watu walio mbali na nyumbani, na ndiyo maana inahitaji nembo.

Hapa ndipo penye udhaifu wa wimbo. Ujiji, ambayo Burton na Speke waliifikia mwaka 1858, ni mji wa Waswahili wa bara. Kiswahili kilifika huko kwa misafara ya biashara, na miongoni mwa wakazi wake ni Wamanyema, ambao asili yao ni ng'ambo ya ziwa. Mwambao huo una Wabembe na Watongwe pia. Kwa watu hawa Kiha ni lugha ya jirani. Jina la wimbo linawaita wote Kigoma, kisha linawasemea kwa lugha ya kundi moja, kubwa kuliko mengine. Ombi la kuachwa tujidai halikuuliza kwanza "tu" hiyo inakusanya nani.

Dosari hiyo haiubatilishi wimbo. Nyimbo nyingi za kusifu mahali hudai kwamba mahali hapo hapana mfano. Wimbo huu unadai jambo dogo zaidi na gumu zaidi, yaani ruhusa ya kuwapo bila kuchekwa. Kadiri "Lekadutigite" linavyozidi kuwa jina la utani tu, dai hilo linazidi kufifia. Kazi ya mhakiki ni kulitenganisha tena neno hilo katika sehemu zake, ili *leka* isikike kama ilivyokusudiwa: amri iliyotolewa kwa upole, kwa mtu ambaye bado hajaitika.