Nani Mwenye Mvua ya Suam?

Chukua mchezo wa maandishi, ule usio na picha wala sauti, ambao kila mchezaji huandika anachosema na anachofanya mhusika wake, na wenzake wakasoma papo hapo. Tuseme tumeuweka Suam, mpakani, mbele ya Endebess ukitokea Kitale. Wahusika wawili wana magunia ya vitunguu upande wa Uganda na wanataka kuvuka. Mchezaji wa tatu, anayependa wachelewe, anaandika: "Mvua imenyesha mlimani usiku kucha. Mto umefurika. Hakuna gunia litakalovuka leo."

Hakushika panga wala kumgusa mtu, lakini njia imefungwa. Mto Suam wenyewe ndio mpaka: unateremka kutoka Mlima Elgon, unatenganisha nchi mbili, kisha unashika njia ya kaskazini na kuitwa Turkwel. Wenye vitunguu wakitaka kuukwepa, itabidi wauzunguke mlima hadi Lwakhakha, upande wa Bungoma. Kule Bunyore mvua ina wenyewe, ukoo wa Nganyi, na inajulikana. Hapa mchezoni nani aliyempa huyu bwana mvua?

Mafundi wa michezo hii wamelijibu swali hili kwa namna mbalimbali. MUD, mchezo ulioanzishwa na Roy Trubshaw mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na kuendelezwa na Richard Bartle, ulimpa mchezaji mikono na miguu tu. Alitembea, aliokota, alipigana. Mlima, mto na giza vilikuwa vimeandikwa na waundaji kabla yeye hajafika.

Mwaka 1989 James Aspnes, akiwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, akaugeuza mpango huo. Katika TinyMUD yake mchezaji yeyote aliweza kuchimba chumba kwa amri ya @dig, kisha kwa @describe akaandika watakachokiona watakaoingia. Chumba kiligharimu senti 10 za mchezoni, na senti zenyewe uliziokota ukizurura. Ulimwengu ulivimba mno. Kabla ya mwaka kutimia, Aprili 1990, ulikuwa umefungwa. LambdaMOO ya Pavel Curtis, iliyofuata mwaka huohuo, ikajifunza kupima: kila mjenzi na kiwango chake, na aliyetaka nyongeza aliiomba.

Lakini vyumba havikuwa kazi ngumu. Chumba chako ni boma lako. Ukisema ukuta ni wa dhahabu, mimi najinyamazia na kupita. Ugumu uko pale sokoni tunaposimama sote, chini ya anga moja. Jamii hii ya michezo ina amri ya kutenda: unaandika nukta mbili, kisha kitendo, na programu inatanguliza jina lako. Ukiitumia kuleta mvua, nawe jina lako ni Wafula, utapata kichekesho: "Wafula mvua inanyesha." Ndipo TinyMUSH, mchezo mwingine wa jamii hiyo, ikawa na @emit, inayotoa sentensi bila jina lolote, kana kwamba ni ulimwengu wenyewe uliosema. Kwa msimulizi mzuri ni chombo kitamu: upepo unavuma, tembo wanatoka pango la Kitum walikokwenda kukwangua chumvi, redio ya kinyozi inakata. Kwa mchokozi ni kinyago. Dawa ya waundaji haikuwa kuifuta amri. Waliweka alama iitwayo NOSPOOF: ukijiwashia, kila sentensi isiyo na jina inakufikia pamoja na jina la aliyeiandika. Mvua inaendelea kunyesha, ila unajua ya nani.

Mimi naona sisi tulikuwa na ufundi wa kulinganishwa na huo, nao haukuhitaji umeme. Kitendawili! Tega! Wasikilizaji wakishindwa, mtegaji anadai mji. Anapewa Kitale, akitaka anaukataa, anapewa mwingine. Akiukubali, ulimwengu ni wake: anasimulia alivyopokewa, alivyochinjiwa, jinsi wenyeji walivyowacheka wajinga waliomtuma. Hakuna anayembishia. Kisha anatoa jibu, na mji umekwisha. Atakayeshinda baadaye anaweza kupewa Kitale hiyohiyo na kuikuta na njaa. Angalia ilivyoundwa: uhuru unatolewa na walioshindwa, mwenyewe yupo mbele yao na sura yake, na maelezo yake hayamdai mtu kitu baada ya jibu. TinyMUD ilikosa hilo la mwisho. Kilichochimbwa pale kilibaki, hata mchimbaji akiwa ameondoka.

Kitendawili nacho kina upungufu wake: mjini mshindi yuko peke yake, hakuna mwenye vitunguu anayengoja kuvuka. Kwa hiyo turudi mtoni. Kwa hukumu yangu, sentensi mbili za kwanza za yule mchezaji ni halali. Mlimani hunyesha, na mto hufurika. Mradi jina lake lionekane na mafuriko yaishe pamoja na tukio hilo, aachiwe mvua yake. Kosa liko katika sentensi ya tatu. Hapo ameacha kueleza mazingira na kuanza kuwaamulia wenzake, ambao huenda wana kamba, au wanamjua mwenye trekta, au wako tayari kulala Suam hadi maji yapungue. Sentensi hiyo ifutwe. Zamu ni ya wenye vitunguu.